Wino upo, tusiandikie mate

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Anayeamua nani ahame na nani abaki hutazama ramani. Juma hili nina swali moja: kimo cha ardhi katika ramani hiyo kimepimwa, au kimekisiwa?

Hakuna anayeweza kupima kila hatua ya ardhi. Wapimaji huchukua kimo cha vituo kadhaa, kisha kompyuta hujaza nafasi za katikati kwa hesabu. Kituo kimoja kikiwa na mita 10 na cha pili mita 14, itasema katikati yake ni mita 12. Je, kama katikati pana korongo? Kompyuta haitaliona.

Vipimo vya kutoka angani navyo vina kasoro yake. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11. Ilikuwa kazi kubwa, nasi tumefaidika nayo. Lakini penye miti na majumba, rada mara nyingi ilipima majani na mapaa badala ya udongo. Mwaka 2019, watafiti Scott Kulp na Benjamin Strauss waliposahihisha kosa hilo kwa pwani za dunia, idadi ya watu wanaotishiwa na bahari ikawa mara tatu ya iliyodhaniwa awali.

Njia ya kuhakiki ipo. Weka kando baadhi ya vituo vilivyopimwa, usiipe kompyuta. Iache ikisie, kisha linganisha. Ila tusitulizwe na wastani. Tuseme vituo ni 10: tisa vimekosewa kwa nusu mita, cha kumi kwa mita 5. Wastani wa kosa haufiki hata mita moja, na ramani itasifiwa. Kumbe hicho cha kumi ndicho kilicho bondeni, penye nyumba za watu!

Sisemi haya kuwabeza wataalamu. Wao wenyewe wanayajua. Nasema ili mwananchi anapoonyeshwa ramani ya rangi za kupendeza, aulize: Vituo vya kuhakiki vilikuwa vingapi? Vingapi vilikuwa bondeni? Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa mita ngapi? Asipojibiwa, adai mpimaji ashuke mtoni na vifaa vyake kabla ya masika. Huo ndio wino, na wahenga walikwisha kutuonya juu ya mate.