Daktari wa Wanawake: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi tulioshika daftari la chama tumeombwa tuseme machache juu ya afya ya mama wazazi. Tumeona heri tuwaeleze habari za Daktari Ida Scudder, aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1870. Wazazi wake walikuwa Wamarekani, na babaye alikuwa daktari wa misheni.

Ida alisomeshwa Marekani, wala hakuyataka maisha ya misheni. Alirudi Bara Hindi kumwuguza mamaye tu. Ndipo usiku mmoja wakaja wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, wawili Wahindu na mmoja Mwislamu. Kila mmoja alimsihi aende kumsaidia mkewe aliyekuwa taabani kwa utungu wa kuzaa. Ida akajibu kwamba yeye si tabibu, bali babaye atakwenda. Wote watatu wakakataa, kwani desturi haikuruhusu mwanamume wa kando amtazame mke wa mtu. Kulipopambazuka, wake wote watatu walikuwa wamekwisha kufa.

Tulifikiri jambo hili, ndugu zetu. Daktari alikuwapo nyumbani mle. Kilichokosekana ni mwanamke mwenye elimu ile.

Ida akarudi Marekani, akajifunza utabibu katika chuo cha Cornell, akahitimu mwaka 1899. Mwaka 1900 alianza kutibu wanawake huko Vellore katika chumba kidogo chenye kitanda kimoja. Mwaka 1902 ikafunguliwa hospitali ya vitanda 40. Hata hivyo alitambua kwamba mikono yake miwili haitoshi. Kwa hiyo alianzisha chuo cha wauguzi mwaka 1909, na mwaka 1918 chuo cha kufundisha wasichana udaktari. Aliambiwa kwamba akipata waombaji watatu itakuwa bahati, waliomba 151. Alifariki mwaka 1960, na chuo chake kingalipo hata leo.

Sasa tugeukie nyumbani. Daftari letu laonyesha kwamba mama akifariki katika uzazi, fedha za sanda, jeneza na gari la kumrudisha kwao hutolewa siku ile ile, wala hapana anayenung'unika. Lakini barua ya kuomba karo ya binti ikisomwa, shauri huahirishwa mpaka mkutano ujao. Hatusemi haya kumshutumu mtu. Sisi nasi tuliinua mikono shauri lile lilipoahirishwa.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu utenge mfuko wa karo za mabinti, usioguswa kwa haja nyingine yoyote. Wakunga, wauguzi na madaktari tunaowahitaji wamo katika nyumba zetu, wakichota maji na kulea wadogo zao. Ni heri tuchange karo leo kuliko kuchanga sanda kesho.