Ghorofa Likianguka, Wafiwa Waende Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nkololo)



Barua ya kunialika ilinitaka nizungumzie maendeleo. Nimeomba ruhusa nizungumzie maghorofa, ambayo nayo huitwa maendeleo mpaka siku yanapoanguka.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Hapa hakuna asiyeijua Kariakoo. Vitenge vinavyouzwa Bariadi, sufuria, redio na viatu vya shule, vingi vimepitia huko. Wenye maduka walikuwa wamekwisha kufungua. Vijana wa mizigo walikuwa kazini. Watu walianza kufukua kwa mikono kabla mitambo haijafika, na waliofunikwa chini walikuwa wakiwasiliana kwa simu na walio juu. Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba Serikali itagharamia matibabu ya majeruhi na mazishi, akamwagiza Waziri Mkuu kusimamia ukaguzi wa majengo ya Kariakoo. Tume ikaundwa. Mwishoni mwa mwezi huo huo wenye jengo walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu wakikabiliwa na mashitaka 31 ya kuua bila kukusudia. Mtu hana hatia mpaka mahakama iseme, na mimi sikuja hapa kuhukumu.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2006, baada ya jengo kuanguka Chang'ombe, Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Edward Lowassa, aliunda tume ya kukagua majengo ya jiji. Miaka saba baadaye, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa karibu na ukuta wake. Wakati ule ilielezwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Watu walifikishwa mahakamani. Kisha ikaja Kariakoo. Sisi watumishi wa Serikali tunajua kuunda tume. Kazi hiyo tunaiweza sana. Kuisoma ripoti ya tume iliyotangulia kabla ya kuunda nyingine, hapo ndipo tunapolegea. Na mimi naona, kwa maoni yangu binafsi, kwamba mtu wa kwanza kupewa ripoti ya namna hiyo ni mfiwa, kwa lugha anayoisoma, yaani Kiswahili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nisimame hapa. Mfiwa anapotoka makaburini anataka mambo mawili: ajue nani amesababisha, na watoto wa marehemu wale nini. Wengi hudhani kesi ya jinai itajibu yote mawili. Haijibu. Kesi ile ni ya Jamhuri. Mfiwa humo ni shahidi, au ni mtu anayekaa benchi la nyuma. Tena kosa la kuua bila kukusudia husikilizwa na Mahakama Kuu, ndiyo maana kule Kisutu huambiwa kila mara kwamba upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, na mzee aliyesafiri kutoka mkoani anarudi na tiketi ya basi tu. Kosa hilo lina dhamana vile vile. Mshitakiwa akionekana mtaani, watu husema amenunua kesi. Huenda hakununua kitu. Sheria ndivyo ilivyo. Afadhali mfiwa aelezwe hayo mapema kuliko kuachwa ayajue kwa uchungu.

Njia ya riziki ya watoto ni nyingine. Sheria iliyo katika Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania inaruhusu mke, mume, wazazi na watoto wa mtu aliyekufa kwa uzembe wa mwingine kudai fidia. Madai haya ni ya wafiwa wenyewe, na yana ukomo wa muda. Zaidi ya hayo, kama marehemu alikuwa mwajiriwa, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao hulipa wategemezi wake. Kijana aliyebeba mizigo kwa kutwa bila mwajiri anayejulikana, au mama aliyepanga bidhaa zake kwenye korido, Mfuko huu ni vigumu kumfikia. Na hao ndio wengi wa Kariakoo.

Hapo ndipo karatasi inapokuwa na thamani kuliko machozi. Cheti cha kifo kinatakiwa. Kikao cha ukoo kinatakiwa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake upelekwe Mahakama ya Mwanzo, mke wa marehemu akiwa amekaa ndani ya kikao, si jikoni. Nalisema hili kwa makusudi, wazee wangu mnisamehe. Nimeona mafaili ambamo shemeji watatu wanagombea usimamizi, na jina la mjane halimo hata mara moja. Kisha mahakama itauliza: marehemu alikuwa akipata kiasi gani? Kama hapana risiti, hapana leseni, hapana hata daftari la mauzo, wakili wa upande wa pili atasema marehemu hakuwa na kipato, na kijana aliyesomesha wadogo zake wanne ataandikwa kuwa mtu asiye na kazi.

Msidhani ni sisi peke yetu. Tarehe 24 Aprili 2013, hazijapita hata wiki nne tangu Indira Gandhi, jengo la viwanda vya nguo liitwalo Rana Plaza lilianguka nchini Bangladesh, wakafa watu 1,134. Wafiwa walisimama na picha za ndugu zao kwa miezi mingi, hata wale ambao maiti hazikutambulika wakatafutwa kwa vipimo vya damu. Chini ya usimamizi wa Shirika la Kazi Duniani ulikusanywa mfuko wa dola milioni 30, ukatimia mwaka 2015. Kilichowasaidia ni kwamba walikuwa pamoja na orodha yao ilikuwa moja. Wafiwa wetu husafirisha maiti kila mmoja kwao, huyu Kilimanjaro, huyu Kigoma, huyu Simiyu, na baada ya arobaini hakuna anayejua namba ya simu ya mwenzake.

Wadogo zangu wa kidato cha nne, baadhi yenu mtakuwa mafundi na wahandisi. Zipo bodi za usajili wa wahandisi na makandarasi, na saini yako ndiyo inayokufunga. Mwenye jengo akikuambia uchimbe chini ya nguzo ili apate stoo nyingine, muulize mhandisi amesaini wapi.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa mkutano. Wanachama wetu wengi wako Dar es Salaam na Mwanza, na wadogo zetu huwafuata kila mwaka baada ya mitihani. Tuwe na daftari moja: jina, mahali mtu anapofanyia kazi, nani amemwajiri, na ndugu wa kuarifiwa. Miongoni mwetu wamo mawakili wawili na karani wa mahakama mmoja. Nimezungumza nao, wamekubali kusaidia bila malipo kuandika barua ya kwanza kwa familia yo yote ya hapa itakayopatwa. Ndugu Katibu amekwisha kununua daftari hilo, liko juu ya meza pale mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi kwa sababu tunajuana.