Bypass Ikija, Usiwe Mgeni Shambani Kwenu

Tumefurahia Dongo Kundu: unatoka Miritini hadi Kibundani, Kwale, bila kungoja feri pale Likoni. Raha hiyo hatuikatai. Lakini bypass haipiti hewani, inapita kwenye minazi ya mtu.

Sasa sikizeni. Katiba, kifungu cha 40, inataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki, kamili, tena upesi. Hata asiye na hati miliki, kama anakaa pale kwa nia njema, anaweza kufidiwa. Na hapa Pwani, wenye hati ni wangapi?

Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza kikao cha kusikiza madai kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, angalau siku 15 kabla. Dai ni la maandishi, na lifike kabla ya kikao au siku yenyewe. Babu hasomi gazeti hilo. Wewe una simu. Tafuta namba ya ploti yenu, piga picha nyumba, hesabu minazi na miembe, onyesha kaburi la nyanya liko wapi.

Na kibanda cha mama kando ya barabara ya zamani? Magari yakihama, wateja nao wamehama. Hilo lisemeni kwenye vikao vya tathmini ya mazingira, si siku katapila limeshafika.