Pesa Zetu Zinalala Wapi?

Hotuba kwa wanakamati wa mifuko ya misaada ya parokia



Sisi tunaofanya kazi za jamii tumezoea kuhesabu pesa zinazotoka: karo, dawa, matangi ya maji. Leo hebu tuulizane kuhusu zile zinazobaki, tulizoziweka mahali ili zizae. Hizo nazo zinafanya kazi gani?

Huko Marekani, sheria inadai wakfu wa binafsi utoe karibu asilimia 5 ya mali yake kila mwaka. Yaani katika kila 100, ni 5 tu zinazosaidia watu. 95 ziko sokoni. Zikiwa katika kampuni inayowaumiza wale wale tunaowasaidia, basi mkono mmoja unajenga na mwingine unabomoa.

Mambo haya yamewahi kutokea. Julai 2013, Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury, alisema Kanisa la Anglikana la Uingereza litaishinda kampuni ya mikopo ya Wonga kwa kuunga mkono vyama vya akiba na mikopo. Riba ya Wonga, ikihesabiwa kwa mwaka, ilizidi asilimia 5,000. Mara gazeti la Financial Times likafichua kwamba pesa za Kanisa hilo hilo zimo Wonga! Zilikuwa kama pauni 75,000, zilizopitia mfuko mwingine. Askofu alikiri hadharani kwamba ni aibu. Na kutoka hakukuwa rahisi, maana fungu hilo lilikuwa limechanganywa na mengine. Walimaliza kutoka Julai 2014.

Mtu atasema, "Lakini hiyo faida ndiyo inalipa karo." Ni kweli. Mfuko usiozaa huisha, na watoto hurudi nyumbani. Lakini faida na wema vinaweza kwenda pamoja. Mwaka 2017 Wakfu wa Ford ulitenga hadi dola bilioni 1 kwa miaka 10, ziwekwe mahali penye faida na pia penye msaada, kwa mfano nyumba za bei nafuu. Pesa hizo si za kugawa; zinatakiwa kurudi.

Sasa twende kwetu. Mama anayelipiwa karo ya mtoto na mfuko wetu, siku akibanwa na kukopa kwa simu kwa riba ya kunyonga, asije akawa anakopa pesa zetu sisi wenyewe!

Kwa hiyo kila kamati ijiulize:

1. Tumempa nani pesa zetu, na yeye anazipeleka wapi?
2. Faida hiyo inatoka katika jasho la nani?
3. Tukitaka kutoka, itachukua muda gani, na tutapoteza kiasi gani?

Maswali haya yaulizwe kabla ya kutia sahihi. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na yasomewe Wakristo, kwa sababu pesa hizi ni sadaka yao.