Sindano ya Baada ya Kujifungua: Nani Ameipima?

Kama una chai jikoni, ipunguzie moto kwanza usogee karibu na redio. Leo tuzungumze juu ya sindano ambayo wengi wenu mmedungwa bila kuambiwa jina lake.

Mtoto akishatoka tu, hata kabla ya kondo la nyuma kutoka, nesi hukudunga sindano pajani. Dawa hiyo ni oksitosini, yuniti 10. Kazi yake ni kuukaza mji wa mimba ili mishipa iliyokuwa ikilisha kondo ijifunge. Mji usipojikaza, damu hutoka bila kukoma, na mama anaweza kufariki katika saa moja au mbili. Hapa Kenya kutokwa na damu ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya akina mama wanaojifungua.

Sasa oksitosini ni peptidi. Peptidi ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kama shanga kwenye uzi. Oksitosini ina shanga 9. Insulini, ile ya wagonjwa wa kisukari, ina 51. Joto huharibu mnyororo huo, ndiyo sababu oksitosini huwekwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Taabu ni kwamba dawa nzima na dawa iliyoharibika zote ni maji maangavu ndani ya kichupa. Mimi nesi siwezi kuzitofautisha kwa macho.

Nyinyi mnaopeleka maziwa kituoni mnalijua jambo hili. Karani hakuulizi kama umeongeza maji. Anatumbukiza laktomita. Na anayepima si wewe mwenye ng'ombe.

Kwa upande wa dawa, tuna Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa, iliyoko Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1992. Haitengenezi dawa wala haiuzi, kwa hiyo haina faida wala hasara jibu likiwa baya. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliikagua na kuikubali. Kichupa kikifika pale huulizwa kwanza: je, hii ni oksitosini kweli, au ni maji tu yenye lebo? Kisha: ni kiasi gani? Kipimo kinachokubalika ni kati ya asilimia 90 na 110 ya kile kilichoandikwa kwenye lebo. Halafu huangaliwa kama kuna minyororo iliyokatika, uchafu au viini. Dawa hupitishwa kwenye mrija uliojazwa unga laini sana, na kila kilichomo hutoka kwa wakati wake, kikalinganishwa na oksitosini halisi iliyothibitishwa. Wataalamu huiita kromatografia. Mkilisahau neno hilo sitawauliza.

Lakini maabara hupima kichupa kilicholetwa siku ile. Haijui yaliyokipata kingine njiani, au usiku stima ilipopotea.

Nilipokuwa nesi mpya kwenye kituo kimoja kidogo, mama alijifungua salama, nikamdunga, na damu ikaendelea. Nikamdunga tena kutoka pakiti ileile. Haikusaidia. Tukamsugua tumbo, tukamwekea maji ya mshipa, tukamkimbiza hospitali kubwa. Alipona, namshukuru Mungu. Baadaye tukakumbuka kwamba stima ilikuwa imepotea siku mbili na hakuna aliyeangalia kipimajoto cha friji, mimi nikiwemo. Je, dawa ndiyo iliyokuwa mbovu? Damu inaweza kuendelea hata dawa ikiwa nzuri. Hatukuweza kujua, kwa sababu vichupa vilikuwa vimekwisha kutupwa na hakuna aliyeandika nambari ya bechi. Hapakuwa na kitu cha kupeleka kupimwa.

Ndiyo maana siku hizi, dawa ikinitia shaka, naweka kando pakiti yote na kujaza ile fomu ya waridi ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Mama mjamzito, tafadhali usikatae sindano hii kwa sababu ya maneno yangu. Imeokoa wengi. Lakini ukiwa kliniki, uliza kwa upole: "Dada, dawa ya kuzuia damu mnaiweka kwenye friji? Stima ikipotea mnafanyaje?" Anayekusindikiza naye akiona vitambaa vinalowa kimoja baada ya kingine, aite nesi mara moja, asione haya. Mahali pengine utapewa kabetosini, ndugu ya oksitosini inayostahimili joto. Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa kazi hii mwaka 2018.

Jambo lingine ni hizi sindano za kupunguza unene zinazouzwa kwa simu. Nyingi husemwa ni semaglutidi, nayo ni peptidi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutidi bandia zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Muuzaji atakuonyesha karatasi ya maabara. Muulize: nani alipeleka kichupa kupimwa? Nambari ya bechi kwenye karatasi ni ile iliyo kwenye chupa hii? Huyo ni mwenye ng'ombe aliyekuja na laktomita yake. Dada yangu, usinunue.

Na nyanya mwenye insulini nyumbani: chupa ambayo hujafungua ikae kwenye friji, lakini si kwenye sehemu ya barafu. Ikiganda, au ikiachwa kwenye dashibodi ya matatu juani kutoka Karatina hadi Nanyuki, usiitumie hata kama inaonekana safi. Irudishe kliniki pamoja na boksi lake, upewe nyingine.

Wiki ijayo tutaongea juu ya kikohozi cha watoto msimu wa baridi. Kwaherini.