Mefiboshethi Alifikaje Mezani kwa Mfalme?

Somo letu ni 2 Samweli 9.

Mefiboshethi alikuwa kilema wa miguu yote miwili, akikaa Lodebari. Daudi hakungoja afike mwenyewe. Alituma watu wakamlete. Wema wa mfalme ulikuwa na meza, lakini pia ulikuwa na njia ya kufika mezani.

Hapa Lusenda, tangu kambi ifunguliwe mwaka 2015, tunaishi na watu wanaongojea safari. Mmoja anangojea matibabu ya mbali, mwingine anangojea HCR na OIM wampeleke nchi ya tatu. Wako kati yao wanaotumia kiti cha magurudumu. Kwao ngazi ya ndege ni mlima. Ndani, kiti chao ni kipana, hakipiti katikati ya abiria. Inabidi wahamishiwe kwenye kiti chembamba. Wengine huacha kunywa maji tangu asubuhi, wakiogopa kwamba chooni hawatafika. Mwingine anabebwa mgongoni bila kuulizwa, kama gunia la muhogo. Ndugu zangu, mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu si mzigo!

Serikali nayo imefungwa na neno lake. Mwaka 2015 Congo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 9 kinataja usafiri.

Basi tufanye nini? Kwanza, toa habari mapema, angalau saa 48 kabla ya safari. Eleza kama unaweza kupanda ngazi au huwezi kutembea kabisa, maana msaada wake ni tofauti. Pili, omba kiti chako upewe mlangoni mwa ndege mkifika. Kampuni nyingi hukibeba bila malipo. Kama kina betri, sema ni ya aina gani. Tatu, wewe unayesaidia, uliza kwanza: "Nikushike wapi?" Mwenye mwili ndiye anaujua.

Wale wanne wa Marko 2 hawakumlaumu aliyepooza. Walifungua paa. Sisi tunaombea uponyaji, na hatutaacha. Lakini anayengojea uponyaji asingojee pia heshima.

Jumapili hii, tazama mlango wa kanisa lenu. Nani anabaki nje kwa sababu ya ngazi? Tuanzie hapo.

Mungu awabariki. Amina.