Modemu Yako, Laini Yako, Kifurushi Chako

Mazungumzo na wakazi wa Kaengesa, Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa



Tumekuja kuzungumza juu ya kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho hata hivyo kimewapotezea watumiaji wengi fedha bila wao kujua zimekwenda wapi. Kifaa hicho ni modemu, iunganishayo kompyuta na intaneti kwa njia ya mtandao wa simu.

Sababu ya kukihitaji inaeleweka. Kijana aliyehitimu kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu kwa intaneti, na maombi hayo yana tarehe ya mwisho. Kifurushi kikiisha fomu ikiwa nusu, kijana huyo hutafuta nauli ya kwenda Sumbawanga mjini, au hukosa nafasi. Kwa hiyo tunasema hivi: kuunganisha modemu ni kazi ya dakika chache, kuitawala ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze dukani. Modemu ni mfano wa simu isiyo na kioo: hutumia laini, nayo ina namba yake ya utambulisho. Muulizeni muuzaji mambo mawili kabla ya kulipa. Je, modemu hii inapokea laini ya mtandao wowote, au imefungiwa mtandao mmoja? Na je, inafanya kazi kwa teknolojia inayopatikana kijijini kwetu? Modemu ya 4G mahali penye 3G pekee haitaongeza kasi. Ombeni ijaribiwe mbele yenu, kisha mdai risiti.

Pili ni laini. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Msikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu msiyemjua, hata kama ni ya bure. Mwenye jina ndiye awezaye kuirejesha ikipotea, na ndiye atakayeulizwa ikitumika kwa uhalifu. Pigeni *106# mhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Sasa tuunganishe. Itieni laini kwanza katika simu, mnunue kifurushi na kuhakikisha kwamba intaneti inafunguka. Hatua hii itawaonyesha mapema kama tatizo ni laini au ni modemu. Kisha hamishieni laini hiyo katika modemu na kuichomeka kwenye kompyuta. Modemu nyingi huonekana kama flashi; fungueni programu iliyomo na kufuata maelekezo hadi mwisho. Ikiombwa namba ya siri ya laini, msibahatishe, kwa kuwa makosa matatu huifunga laini. Bonyezeni "Connect" na kusubiri.

Mawimbi yakiwa hafifu, kumbukeni kwamba paa la bati huyapunguza. Sogeeni dirishani, au tumieni waya wa kurefusha ili modemu ikae mahali palipo wazi zaidi.

Hapa ndipo hasara hujificha. Kompyuta ikiona intaneti, huanza kupakua masasisho ya programu zake kimyakimya, na sasisho moja huweza kuzidi gigabaiti moja. Mtumiaji aliyefungua barua pepe mbili tu huona kifurushi kimekwisha, akadhani ameibiwa. Katika kompyuta zinazotumia Windows, fungueni mipangilio ya mtandao na kuwasha "Metered connection". Kwa kufanya hivyo mnaiambia kompyuta kwamba intaneti hii hulipiwa kwa kipimo, nayo itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji huo. Hata hivyo, msiyazuie masasisho daima, kwa sababu ndiyo yanayoziba mianya ya wahalifu. Yaruhusuni siku mtakapokuwa na kifurushi cha kutosha. Mkimaliza kazi, kateni mawasiliano na kuichomoa modemu.

Iwapo mmefanya hayo yote na bado kifurushi kinapungua pasipo maelezo, msinung'unike nyumbani. Andikeni tarehe, kiasi mlichonunua na saa kilipokwisha, na mhifadhi ujumbe wa ununuzi. Lalamikeni kwanza kwa mtoa huduma wenu na kuomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Msiporidhika na jibu, lifikisheni lalamiko hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kwa Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ina ofisi mjini Mbeya. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 ili kusemea maslahi ya watumiaji. Na mkipokea ujumbe wa kitapeli katika laini hiyo, msiujibu. Utumeni pamoja na namba ya mtumaji kwenda 15040.

Ndugu zetu, mkulima hanunui mbolea bila kusoma mfuko, wala haachi ghala wazi usiku. Kifurushi nacho ni mali iliyonunuliwa kwa jasho. Kilindeni vivyo hivyo.